Homa na Mwili Kukakamaa kwa Anayetumia Dawa za Akili: Cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Kijana aliletwa wodini Jumanne mchana akiwa kifua wazi, amefunikwa kanga ya mama yake. Nikadhani ni joto tu, maana ilikuwa Februari, na Februari ya pwani kila mtu anaijua. Nilipomuuliza mama kwa nini hakumvalisha mwanawe, alinijibu taratibu kama mtu ambaye hajalala: "Sista, shati limetushinda. Mkono haukunjiki."

Nikamgusa paji la uso, linachoma. Nikaushika mkono wake wa kulia na kuukunja kwenye kiwiko. Ulikubali, lakini kwa ubishi ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, kama unakunja kebo nene ya umeme. Shuka lilikuwa limelowa jasho. Mate yalimchuruzika pembeni mwa mdomo kwa kuwa hakuwa akiyameza. Macho yalikuwa wazi, ila ukimwita anakutazama kama hakujui.

Tukarudi nyuma siku kwa siku. Ijumaa alikuwa amechomwa sindano ya haloperidol kwa sababu alikuwa halali, anazurura na kupiga kelele usiku kucha. Jumapili wakamrudisha: ameanza kuongea yasiyoeleweka na anatetemeka. Tukasema ugonjwa umepamba moto, akachomwa nyingine. Jumatatu akapata homa, wakampeleka zahanati ya jirani, kipimo cha malaria kikatoka hakuna kitu, akapewa dawa ya mseto hivyo hivyo. Jumanne ndiyo hiyo ya shati. Ile sindano ya Jumapili niliichoma mimi.

Alipona, baada ya wiki mbili na nusu za wodini. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu walio katika nafasi ya mama yule, wanaomtunza nyumbani kaka, dada, mzazi au mtoto anayetumia dawa za akili. Ukisoma hapa ukasahau yote, hili libaki: kwa mtu anayetumia dawa hizi, homa na mwili kukakamaa vikikutana, safari ya hospitali ni siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Kwanza, ni kitu gani hiki

Ugonjwa huu madaktari wanauita kwa herufi tatu, NMS, kifupi cha jina la Kiingereza neuroleptic malignant syndrome. Zikariri hizo herufi, utazihitaji mapokezi. Walioueleza kwa mara ya kwanza ni Mfaransa Jean Delay na wenzake, mwaka 1960, wakati haloperidol ikiwa dawa mpya inayojaribiwa.

Dawa nyingi za kutuliza saikosisi, yaani ile hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hufanya kazi kwa kuziba milango ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Ndiyo maana sauti anazosikia mgonjwa hunyamaza na hofu hupungua. Lakini dopamini hiyo hiyo ina kazi nyingine: hulegeza misuli, na husaidia sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili kujua lini pametosha. Kwa watu wachache sana, mlango ukizibwa, kazi hizo mbili huharibika kwa pamoja. Misuli hukaza bila kupumzika, na msuli uliokaza hutoa joto kama injini isiyozimwa. Mwili nao umeshapoteza uwezo wa kulishusha. Misuli ikiendelea hivyo huanza kuvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kwenda kuziba figo. Mara nyingi mgonjwa huuawa na figo, moyo au mapafu kushindwa.

Ni nadra. Makadirio ya miaka ya karibuni yanataja watu kama wawili katika kila 10,000 wanaotumia dawa hizi, ingawa ya zamani yalikuwa ya juu zaidi. Kati ya wanaoupata, takriban mmoja katika kumi hufa, na idadi hiyo hushuka pale ugonjwa unapogunduliwa mapema.

Kwa hiyo, kabla hujaenda mbele, nakuomba kitu: usimwachishe mgonjwa wako dawa kwa sababu ya kusoma hapa. Nimeona familia zaidi ya moja zikizitupa dawa chooni baada ya kusikia habari kama hizi redioni, na miezi miwili baadaye mgonjwa yuko barabarani. Dawa husimamishwa pale dalili nitakazozitaja zinapoonekana. Bila dalili, endelea nazo kama kliniki ilivyoagiza.

Hatua ya 1: Jua mgonjwa wako anameza nini

Inashangaza jinsi watu wengi wanavyozijua dawa kwa rangi: "ile nyeupe ya usiku", "ile ya chungwa". Chukua boksi au karatasi ya kliniki uandike jina kwenye daftari au simu. Majina hapa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uyatambue.

Wanaoongoza kwa tatizo hili ni dawa za zamani zenye nguvu: haloperidol (wengine huijua kama Haldol) na fluphenazine, ile sindano ya mwezi ambayo wengi huiita Modecate. Chlorpromazine, yaani Largactil, nayo imo. Dawa mpya zaidi kama olanzapine, risperidone, quetiapine na clozapine zinaweza pia, ingawa kwa hizi ugumu wa mwili wakati mwingine huwa mdogo, na ndipo watu wanapochelewa kushtuka.

Kisha kuna kundi ambalo hakuna anayelishuku. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, ambayo madukani ni Plasil, inaziba milango ile ile. Promethazine vilevile. Mtu anayetumia haloperidol akitapika na kuchomwa Plasil anakuwa ameongezewa mzigo juu ya mzigo. Na mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson anayetumia levodopa, dawa yake ikikatika ghafla kwa sababu imeisha duka zima, anaweza kupata hali inayofanana kabisa na hii. Huyo hajazibiwa mlango, amenyimwa dopamini yenyewe.

Andika pia kama anatumia lithium, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno. Ikichanganywa na dawa hizi, tahadhari huongezeka, hasa akiharisha au akikaa bila kunywa maji.

Hatua ya 2: Jua siku za kukaa macho

Takriban wawili katika watatu huanza ndani ya wiki ya kwanza tangu kuanza dawa, na karibu wote ndani ya siku 30. Wachache huanza siku ile ile ya sindano ya kwanza. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa dawa mpya, au wa dozi iliyopandishwa, ndio wa kumwangalia kila asubuhi na jioni. Aliyetumia dawa ile ile kwa miaka naye anaweza kupata, lakini mara nyingi kuna kilichobadilika: dozi imeongezwa, dawa imeongezwa, au mwili umekauka.

Kukauka huko ndiko ninakokuogopa kuliko yote. Mgonjwa aliyechachamaa hali, hanywi, halali siku tatu, anatembea juani kutwa. Familia ikamfunga kamba asipotee, akawa anavuta kamba usiku kucha. Mwili uliofika hospitali kwa namna hiyo umekwishachoka na hauna maji, na ndipo anapopokelewa kwa sindano kubwa za mfululizo. Mambo yote yanayoongeza hatari yamekusanyika kwa mtu mmoja: ukavu, uchovu, joto, kufungwa, dozi kubwa ya haraka, tena kwa sindano. Mama aliyejifungua karibuni na mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma nao wamo kwenye orodha. Na aliyewahi kupata NMS ndiye wa kwanza kabisa.

Kumfunga kamba najua kunafanywa kwa upendo na kwa kukosa njia. Lakini kama mnaweza kukaa naye kwa zamu, watu wazima wawili wawili, ndani, penye kivuli na maji, mtakuwa mmemkinga kuliko kamba itakavyomkinga.

Kwa wanaofunga Ramadhani: zungumzeni na kliniki kabla mwezi haujaandama, msisubiri siku ya kumi. Dawa zinaweza kupangwa kati ya futari na daku kwa baadhi ya wagonjwa, ila anayetumia lithium au aliye kwenye wiki za kwanza za dawa mpya anahitaji ushauri wa mtu anayemjua.

Hatua ya 3: Kagua mwili kwa mikono yako

Mara nyingi dalili huja kwa mpangilio: akili hubadilika kwanza, kisha mwili hukaza, kisha homa, kisha moyo na presha huanza kuyumba. Hali hujengeka ndani ya siku moja hadi tatu. Lakini ugonjwa haufuati ratiba kila mara, kwa hiyo angalia vyote.

*Akili.* Ananyamaza ghafla, hajibu, anakodoa macho. Au anachanganyikiwa kwa namna tofauti na ugonjwa wake wa siku zote. Hapa wewe wa nyumbani unamzidi daktari yeyote. Unajua kaka yako akiumwa anasema nini, anamtuhumu nani, anaimba wimbo gani. Safari hii hatuhumu mtu. Hajui hata ni asubuhi au jioni. Tofauti hiyo itaje hospitalini kwa maneno hayo hayo.

*Ugumu.* Mwambie alegeze mkono, umtulize. Shika kifundo cha mkono kwa mkono wako mmoja, na kiwiko kwa mwingine. Kunja na kunjua polepole mara tatu. Mkono wa kawaida hukufuata bila kazi. Mkono wa mtu anayegoma kwa hasira hukuvuta huku na huku, hubadilika, hukusukuma. Mkono wa NMS una ubishi mmoja usiobadilika njia nzima, hata ukienda taratibu, na haujali kama mwenyewe anataka au hataki. Jaribu na mguu kwenye goti, kisha shingo. Vitu vya kila siku pia vinasema: shati haliingii, kijiko hakifiki mdomoni, anageuka kitandani kama gogo.

*Joto.* Kipimajoto cha kwapani ni bei ya nauli chache tu, nunua. Kikisoma 38 au zaidi, pima tena baada ya nusu saa na uandike vyote viwili pamoja na saa. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo 37.8 ya kwapani kwa mtu aliyekakamaa usiipuuze. NMS inaweza kufika 40 na kupita.

*Moyo, pumzi, jasho.* Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Akipita 100 akiwa amelala tu, andika. Anahema haraka? Jasho linalowesha shuka? Presha mkiipima inaruka, mara juu mara chini?

*Mkojo.* Rangi ya chai ya rangi, yaani strungi, ni misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Usipite hata saa moja zaidi nyumbani. Kukosa mkojo kabisa tangu asubuhi ni hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Mitego miwili, na ugumu usio na hatari hiyo

Mtego wa kwanza ni malaria. Kwetu homa ina jina moja hadi ithibitike vinginevyo, na mara nyingine hata ikithibitika vinginevyo. Malaria ipimwe, hilo halina mjadala, kwa sababu malaria kali nayo huchanganya akili na inaua. Ila sikiliza: kipimo kikitoka hakuna malaria, homa bado haijaelezwa. Na kikitoka malaria ipo, mkono uliokakamaa nao bado haujaelezwa. Sehemu zenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vijidudu na NMS kwa pamoja.

Mtego wa pili ni ule niliouingia mimi: "ugonjwa umerudi." Mgonjwa wa akili akichanganyikiwa, kila mtu anaona ugonjwa wa akili. Anaongezewa dawa ile ile inayomuua. Kama mgonjwa wako anazidi kuharibika kila anapochomwa, na hasa kama ana joto, simama mbele ya huyo mwenye sindano useme, "Naomba kwanza tumpime joto na tuangalie mikono yake." Ukisema kwa adabu hakuna atakayekufukuza. Akikufukuza, tafuta mwingine.

Kuna wanaosema ni jini, au karogwa na jirani. Sibishani na dua. Nasema tu kwamba dua inasomeka pia ndani ya bajaji.

Sasa, si kila ugumu ni NMS, na hili nalisema ili usikeshe bure. Dawa hizi zina usumbufu unaojulikana: shingo kupinda upande ghafla, macho kupanda juu, ulimi kuvutwa. Inatisha sana kuitazama, na wengi huishia kwa mganga. Lakini mgonjwa ana akili zake, anakusikia, hana homa. Hiyo inatibika upesi kwa vidonge vya Artane au kwa sindano, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Mwingine baada ya wiki au miezi anatembea polepole, hatua fupi, mkono unatetemeka, uso hauna tabasamu. Huyo naye hana homa, anahitaji kupunguziwa dozi kwenye miadi yake. Mpaka wa mambo yote haya ni joto na akili. Pakiwa na ugumu pamoja na kimojawapo cha hivyo, nenda kwenye hatua inayofuata.

Anayetumia clozapine ana sababu yake nyingine ya kuogopa homa: dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Homa na koo kuuma kwake ni kipimo cha damu siku hiyo, hata kama mikono ni laini.

Hatua ya 5: Unashuku? Fanya haya, kwa haraka

Usimpe dozi inayofuata ya dawa ya saikosisi. Hata kama saa yake imefika. Dozi moja iliyorukwa italipwa baadaye. Dozi moja iliyoongezwa hapa inaweza isilipike. Usimpe pia Plasil kama anatapika.

Usimwongezee Artane ukidhani itamlegeza. Inasaidia ile shingo iliyopinda, lakini hapa inapunguza jasho, na jasho ndiyo njia pekee iliyobaki ya kupoza mwili.

Mvue blanketi na sweta. Loweka vitambaa kwa maji ya bomba, mwekee shingoni, kwapani na kwenye kinena, na umpepee. Panado haina kosa akiweza kumeza, ila haitafanya mengi kwa sababu joto hili linatoka kwenye misuli. Usikae saa mbili ukisubiri panado ifanye kazi.

Maji ya kunywa: mkalishe wima, mpe kijiko kimoja. Akimeza bila kukohoa, mpe kingine, taratibu. Akikohoa, akibaki nayo mdomoni au yakitiririka nje, acha kabisa, usimlazimishe. Maji yakiingia mapafuni umemwongezea ugonjwa wa pili.

Tafuta usafiri. Gari au bajaji, alale ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili mate yatoke. Bodaboda hapana. Mtu aliyekakamaa hawezi kushikilia, na mkimweka katikati ya watu wawili hamuoni akiacha kupumua. Wakati mmoja anatafuta gari, mwingine akusanye boksi zote za dawa, hata tupu, na kadi ya kliniki, kwenye mfuko mmoja.

Kama kuna njia mbili, moja ya zahanati na nyingine ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, chukua ya hospitali. Kinachohitajika ni maabara ya damu, dripu na mtu wa kumtazama usiku, zahanati haina. Pasipo na namna, anzieni zahanati mkadai rufaa, na mkiwa pale dripu ianze. Na kama ni hospitali maalumu ya akili ndiyo iliyo karibu, jua kwamba hata wao watampeleka hospitali kubwa ya kawaida, kwa kuwa kwa siku hizi chache yeye ni mgonjwa wa mwili kwanza.

Hatua ya 6: Sema nini mapokezi

Usianze na "huyu ni mgonjwa wa akili". Ukianza hivyo, mara nyingi utaelekezwa benchi la mwisho. Anza hivi, hata ukisoma kwenye simu:

"Huyu ana homa ya 39 tangu jana, mwili umekakamaa, na amechanganyikiwa. Alichomwa haloperidol siku ya Ijumaa na Jumapili. Naomba aangaliwe kama ni NMS."

Homa, ugumu, kuchanganyikiwa, jina la dawa, tarehe. Sentensi tatu. Daktari kijana wa zamu ambaye hajawahi kuona hata mgonjwa mmoja wa hivi, na wengi hawajaona, atazikumbuka zile herufi kutoka chuoni.

Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana. Daktari atayaondoa mengine kwanza: malaria, homa ya uti wa mgongo (ndiyo maana wanaweza kuomba kuchukua maji ya mgongoni, wakubalieni), pepopunda, kupigwa na joto, athari za dawa za sonona. Damu itapimwa figo, potasiamu na chembe nyeupe, ambazo mara nyingi hupanda. Kipimo kinachosaidia zaidi kinaitwa CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. Kwa kawaida hakizidi mia chache. Kwenye NMS mara nyingi huvuka 1,000, na kinaweza kufika makumi ya maelfu.

Hospitali nyingi za wilaya hazina CK. Kwa wenzangu wa huko: ile karatasi ya kupimia mkojo ikionyesha damu nyingi, na darubini isione chembe nyekundu, hiyo huashiria misuli. Karatasi moja ya bei ndogo, jibu dakika moja. Msisubiri CK ya mkoani kuanza dripu.

Hatua ya 7: Wodini, na kazi yako wewe ndugu

Tiba ya msingi haina maajabu: dawa iliyosababisha isimamishwe, maji mengi kwa mshipa ili figo zisafishike, mwili upozwe, mpira wa mkojo ili kiasi kijulikane, oksijeni ikihitajika. Diazepam au lorazepam hutolewa kumtuliza na kulegeza misuli. Hali ikiwa nzito madaktari huongeza bromocriptine, ambayo hurudisha kazi ya dopamini. Hii ni ya vidonge, na huweza kupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa kwa kuwa hutumika pia kwa wanawake wenye homoni ya maziwa iliyopanda. Mkitumwa kuitafuta mtaani, msione ajabu kuambiwa "hii ya maziwa". Ziko pia amantadine na dantrolene, na palipo na wataalamu, tiba ya umeme kwa ambao dawa zimeshindwa. Figo zikigoma, damu husafishwa kwa mashine kwa muda.

Sasa uji. Kila ndugu anayekuja kumwona mgonjwa anakuja na chupa ya uji, na hakuna kitu kigumu kama kumwambia shangazi aliyesafiri kwa basi kwa muda wa saa sita kwamba uji wake hauwezi kunyweka. Mwambie. Hadi muuguzi aseme kumeza kumerudi, chakula kinapita kwenye mpira wa puani. Ninaamini uji wa kulazimisha umeua wengine ambao ugonjwa wenyewe ungewaacha.

Kazi ambazo zinakufaa: mgeuzeni ubavu kila saa mbili asipate vidonda wala mapafu kujaa. Msafisheni kinywa. Mnyoosheni miguu na mikono taratibu, maana damu hugandia kwenye miguu isiyotembea. Andikeni mkojo umetoka kiasi gani na una rangi gani. Na ulizeni kila zamu mpya ikiingia: "Yule aliyeandikiwa haloperidol, imefutwa kwenye faili?" Dawa ya zamani iliyosahaulika kwenye chati hutolewa usiku na mtu asiye na habari.

Aliyekuwa akimeza vidonge kwa kawaida hupata nafuu ndani ya siku saba hadi kumi tangu dawa isimamishwe. Aliyechomwa sindano ya mwezi huchukua muda mrefu zaidi, wiki kadhaa, kwa sababu dawa iko kwenye msuli na hakuna wa kuitoa. Jiandaeni kwa zamu ndefu.

Hatua ya 8: Ugonjwa wa akili bado upo

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kijana amepona NMS, ila zile sauti zimerudi. Je, arudi kwenye dawa?

Wengi wanarudi, na salama, ila kwa masharti. Husubiriwa walau wiki mbili tangu dalili zote ziishe, zaidi kama ilikuwa sindano ya mwezi. Huchaguliwa dawa nyingine yenye kuziba kwa upole zaidi, kwa dozi ndogo, ikipandishwa polepole, na mgonjwa akiwa anakunywa maji na kupimwa joto kila siku. Sindano za muda mrefu huepukwa. Lithium huachwa pembeni mwanzoni. Ugonjwa unaweza kujirudia, kwa hiyo zile siku 30 za kukaa macho zinaanza upya. Wakati wa kusubiri, diazepam za kipimo cha daktari na kukaa naye karibu ndizo nguzo. Kama wiki hizo ni ngumu mno nyumbani, ombeni alazwe.

Yule kijana wetu alianzishiwa olanzapine nusu kidonge, wiki ya tatu baada ya kuruhusiwa. Mama alimpima kwapa asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, akiandika kwenye daftari la shule la mdogo wake. Alipokuja kliniki nililiona: tarehe, saa, joto, na pembeni ya kila mstari neno moja, "laini".

Na tengeneza kadi. Kipande cha karatasi ngumu, kiandikwe kwa kalamu isiyofutika: jina la mgonjwa, "Aliwahi kupata NMS", jina la dawa iliyosababisha, mwezi na mwaka, "Asichomwe haloperidol wala metoclopramide bila kushauriana na daktari wa akili", na namba ya simu ya ndugu. Ipigeni picha ikae kwenye simu za watu wawili watatu wa nyumbani. Yenyewe ibaki kwa mgonjwa, kwenye pochi au imeshonewa mfuko wa ndani wa suruali, kwa sababu siku atakayookotwa barabarani na wasamaria na kufikishwa casualty, simu yako itakuwa mbali.